Jitu Litajuta Kunikosa

Jumatatu, 3 Machi

Jitu limenikataa. Kwenye usaili wa mwisho, baada ya kupita hatua zote zilizotangulia kama kisu ndani ya papai. Ujumbe wao ni mfupi kuliko risiti ya dukani. Wananishukuru kwa muda wangu. Wananitakia kila la heri. Heri yao wabaki nayo.

Niandike mambo wazi, maana hasira ikipoa nitaanza kujidanganya. Mimi ni mhandisi wa programu. Mzuri. Jitu ni ile kampuni ambayo kazi yake imo ndani ya simu ya kila mtu, na kila aliyesoma nilichosoma anaota kuingia pale. Nilikuwa na uhakika wa kuchukuliwa, hivyo wiki iliyopita niliacha kazi yangu ya kampuni ya bima. Sikuacha kimyakimya. Nilisimama mbele ya wenzangu nikamwambia meneja kwamba programu zake ni kuukuu kuliko tai yake. Watu walicheka. Meneja hakucheka. Kurudi pale sasa ni sawa na kurudisha maziwa kwenye kiwele.

Kibaya zaidi, Shemeji, mume wa dada yangu, yuko kwa Jitu. Nilimwambia mama. Mama akamwambia dada. Dada akamwambia mumewe. Sijamaliza hata chai, simu ikalia. Ujumbe wa pole kutoka kwa Shemeji, wenye kipicha cha viganja viwili vilivyokutanishwa. Pole ya mshindi ni tusi lililopigwa pasi.

Nimekata shauri. Jitu silitaki. Sikuwahi kulitaka.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala na hasira, nimeamka nayo, tumepiga mswaki pamoja.

Lakini akili yangu haijalala. Nimeona tangazo la kazi kwenye kampuni ndogo inayoandika programu za vifaa vya kusikia, vile vidude wanavyovaa sikioni watu wenye masikio mazito. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wafanyakazi wote wanaenea kwenye meza moja. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mpango ulinijia mzima mzima.

Mpango ni huu. Nitaomba kazi pale juu ya magodoro. Watanitaka, watakosaje? Nitalitumia Jitu habari kwamba nagombewa. Jitu litaingiwa na wivu, litanirudia likihema. Hapo ndipo nitakapolikubali, kwa shingo upande, mbele ya Shemeji.

Mama alipitia nyuma yangu na kapu la nguo. Akauliza mbona natabasamu kama aliyeiba. Nikamweleza kidogo. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa kabla ya mtandao.

Ijumaa, 7 Machi

Usaili ghorofani. Ngazi nyembamba, imejaa magodoro yaliyofungwa kwa nailoni, unapanda huku unajibana ukutani. Nikafika juu nimechafuka bega. Nikaanza kukasirika mapema, kama tahadhari.

Mwenye kampuni ni mwanamke wa makamo ambaye wote humwita Daktari, kwa kuwa alitibu masikio hospitalini kabla ya kuanzisha biashara hii. Mwenyewe huvaa vifaa kwenye masikio yote mawili. Nilijiandaa kwa yale mafumbo ya Jitu: mipira mingapi hujaa kwenye basi, na upuuzi wa namna hiyo. Hakuuliza hata moja. Aliniingiza kwenye chumba ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro, ili kelele za nje zisiingie, akanivisha kifaa. Akawasha sauti za mgahawa. Vijiko, viti vinavyoburutwa, watu wakicheka, na mahali fulani katikati ya fujo hiyo mwanamke akisema jambo. Akaniuliza anasema nini. Sikujua. Akarudia. Sikujua tena. Nikaudhika.

Akasema wateja wake ndivyo wanavyoishi, na huudhika hivyo hivyo, ila wao hawana pa kutokea.

Kisha wakanikalisha na kazi ya kweli. Sauti ikichelewa hata kidogo ndani ya programu, mvaaji hujisikia akiongea kama yumo ndani ya pipa. Walikuwa wanautafuta ucheleweshaji huo siku nyingi. Niliupata. Kulikuwa na sehemu ya programu inayosubiri jibu ambalo hakuna anayelituma, kama mimi na Jitu. Nilipoiondoa, mhandisi aliyekaa kando yangu akavaa kifaa, akasema "moja, mbili," na uso ukamfunguka. Saa ya chakula ilipita bila mimi kuiona. Nilipogundua kwamba nafurahi nilijikasirikia sana.

Daktari akauliza kwa nini nataka kufanya kazi hapa na si kwenye kampuni kubwa. Nikamwambia baba yangu ni mzito wa kusikia, na kwamba kuwasaidia watu kama yeye ni wito wa maisha yangu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili niliitunga papo hapo, na naona niliitunga vizuri.

Akasema, "Mlete."

Sikuwa nimepanga hilo.

Jumapili, 9 Machi

Dada na Shemeji walikuja kula mchana. Shemeji amevaa lile koti la Jitu lenye nembo kifuani. Jua la kukausha dagaa, yeye na koti.

Lazima nieleze hali ya nyumba hii. Baba amekuwa akipoteza masikio kwa miaka. Anakana. Husema yeye anasikia, sisi ndio tunaonong'ona. Runinga yake husikika hadi kwa jirani. Mezani kila mtu hupiga kelele, na yeye hutabasamu na kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Ni huzuni, nakubali. Ila ina nafuu yake: mtu unaweza kusema lolote mbele yake kwa sauti ya chini na usidaiwe. Mimi huitumia sana nafasi hiyo. Leo nilipompitishia mchuzi nilinung'unika kwamba mkwe wake ana kichwa cha boga na koti la boga. Baba akanishukuru.

Dada akamuuliza mumewe siku hizi anafanya nini kazini. Shemeji akasema mwaka mzima yumo kwenye kikundi kinachoshughulikia kitufe kimoja. Si kitufe chote, akasema. Pembe zake. Ziwe za mviringo kiasi gani. Wakishakubaliana, meneja hubadilishwa, wanaanza upya.

Nafasi hiyo. Nikaweka kijiko chini nikahubiri. Nikasema mimi nimeyapa majitu kisogo. Nikasema kwenye kampuni ndogo unamwona kwa macho yako mtu anayetumia kazi yako. Unachoandika Jumatatu, Ijumaa kiko sikioni mwa binadamu. Unamjua kila mwenzako kwa jina, na mkubwa anakusikiliza ukiongea. Mengi nilikuwa nimeyasoma kwenye tovuti ya Daktari, lakini sauti ilikuwa yangu.

Shemeji aliacha kula. Akaniangalia muda mrefu. Akauliza hiyo kampuni iko wapi hasa. Nikamwelekeza kwa madaha, hadi ngazi na magodoro.

Nilimwona akiumia. Nimelala vizuri mchana.

Jumanne, 11 Machi

Nimempeleka baba. Mama alimvalisha shati la harusi za watu. Njia nzima baba alilalamika kwamba anapelekwa kutibiwa ugonjwa wa watu wengine.

Ndani ya chumba cha magodoro Daktari alimvalisha vifaa, akavirekebisha kwenye kompyuta. Vikapiga mluzi mkali. Baba akaruka, akataka kuvivua. Mhandisi wa zamu hakuwepo. Daktari akanitazama mimi. Nikakaa, nikafungua programu, nikatafuta mluzi unakotoka, nikaupunguza taratibu huku nikimuuliza baba sasa je, na sasa je. Kwa mara ya kwanza tangu nimekuwa mtu mzima nilimuuliza baba swali na akajibu swali hilo hilo.

Daktari akasogea nyuma ya kiti chake. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, shati lako zuri."

Baba akageuka.

Akauliza ile sauti ya shshsh ni nini. Tukamwambia ni feni. Akauliza kama na ya nyumbani hulia hivyo. Nikamwambia ndiyo, tangu niko shule ya msingi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Mimi nilitazama kompyuta. Kulikuwa na vumbi.

Daktari amempa vifaa avijaribu nyumbani. Na mimi amenipa kazi. Nianze mara moja nikitaka, anataka jibu Ijumaa. Baba alinishika bega tukishuka ngazi.

Mtu mwingine angekubali palepale. Mtu mwingine hana mpango. Nimeliandikia Jitu, kwa afisa ajira mwenyewe: kwamba kampuni yenye jina inanigombea, kwamba nawapa nafasi ya mwisho, kwamba mlango unafungwa. Nimeandika "mlango" kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Jitu limejibu. Limejibu kwa mashine. Mashine inasema wanathamini hamu yangu, na nisijibu ujumbe huu. Nimeujibu. Nimejibiwa na mashine ile ile. Nimeitukana. Imethamini hamu yangu.

Nyumbani hakukaliki. Asubuhi baba aliniomba nimsaidie kurekebisha bawaba ya mlango wa nyuma. Nikainuka, nikanung'unika kama kawaida yangu kwamba mzee huyu anadhani mimi ni fundi wa bure, na kwamba bawaba yenyewe aliiharibu kwa ubahili wake wa kukataa kununua mafuta.

Akasema, "Nimekusikia."

Nikasimama na bisibisi mkononi.

"Umekuwa ukisema hivyo tangu lini?" akauliza.

Nikasema si mara nyingi. Akasema jibu hilo ni la uongo, na kwamba uongo una sauti yake, alikuwa ameisahau. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alivuta kigoda akaketi, akaniambia niendelee, anataka kujua ni mengi kiasi gani yaliyompita. Nikakataa. Akasema basi atamuuliza mama.

Balaa likahamia jikoni. Kumbe mama naye, miaka yote hii, kila akitumwa hujibu chini kwa chini. Leo baba alimwomba chai, na mama, kwa mazoea, akaiambia sufuria kwamba mikono ya bwana yule haijavunjika. Baba akainuka akaipika mwenyewe. Mama alishtuka, kisha akanijia juu mimi, eti nimemletea mtu mgeni nyumbani mwake. Nikamwambia ni mume wake. Akasema ndiyo, lakini wa zamani, na alikuwa hajajiandaa.

Kila mtu amenikasirikia mimi. Kwa kumponya mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari alipiga simu. Nikatumia sauti ya mtu mwenye shughuli. Nikamwambia lipo Jitu ambalo halitaki kuniachia, kwa hiyo aniongezee muda, na pia aangalie upya cheo, kwa kuwa "mhandisi" tu inasikika nyepesi.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Sikukuuliza nani mwingine anakutaka. Nilikuuliza kama unaitaka kazi hii."

Nikasema swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Akasema kwake ni jepesi. Akanipa hadi Jumatatu adhuhuri. Akaongeza kwa upole kwamba jana alipokea mtu mwingine, mwenye uzoefu wa kampuni kubwa, aliyepanda ngazi mwenyewe bila kuitwa, na yuko tayari kuanza chini.

Nilipokata simu nilicheka. Mtu mwingine! Uongo wa sokoni huo, nautumia mimi mwenyewe. Ameogopa. Mpango unafanya kazi, ila upande usio sahihi.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikikandamiza kalamu hadi inatoboa karatasi.

Walikuja kula. Shemeji hakuwa na koti. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuoga mtoni. Mama alipokwisha kupakua, Shemeji akaomba kusema neno. Akasema ameamua kuliacha Jitu. Dada akamshika mkono, kumbe alijua. Akasema yote yametokana na mimi. Kwamba Jumapili iliyopita nilipozungumza kuhusu kazi ambayo unamwona mtu anayeitumia, alikumbuka ni kwa nini alisomea kazi hii, na usiku ule alijiuliza ni nani duniani aliyewahi kushukuru kwa pembe ya kitufe. Akasema ananishukuru mbele ya wazee.

Nikamuuliza anakwenda wapi, ingawa mimi ndiye niliyemwelekeza.

Alikwenda Alhamisi. Alipanda ngazi, akajibana kwenye magodoro.

Nilisimama. Nilisema mengi. Nilimwita mwizi, nyoka, na mnyang'anyi wa riziki. Nilisema jirani aibaye kuku ana aibu kuliko yeye, maana yule huja gizani. Nilisema kwa sauti ambayo nyumba hii imeizoea.

Baba akaweka mkono sikioni.

"Usipige kelele, mwanangu," akasema. "Nasikia."

Nikaketi.

Shemeji hakukasirika, jambo linalonikasirisha hadi sasa. Akasema, "Shemeji, Daktari aliniambia kuna wa kwanza kabla yangu, na kwamba ana hadi kesho. Mimi nilidhani umekwisha kuajiriwa pale; jana ndipo nilipotambua ni wewe. Kama unaitaka, ichukue. Nimekwisha kumwambia hivyo. Mimi nitatafuta kwingine."

Mama akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye utu. Dada akanikazia macho kama nilivyomzoea tangu utotoni, yale ya kusema usiharibu.

Baba alinifuata uani baadaye. Nilidhani kaja kunisuta kwa kelele. Alikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akasikiliza kitu kwenye ua wa jirani, kisha akasema siku ile alikuwa akinitazama nikiutafuta ule mluzi. Akasema hajawahi kuniona nimetulia namna ile. "Kazi ile inakufaa," akasema. "Sisemi kwa ajili ya masikio yangu."

Nikashika ufagio, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa. Hiyo ilikuwa hasira. Nichukue kazi aliyoniachia Shemeji? Nikae kwenye kiti nilichopewa kama sadaka? Kila Jumapili nimtazame machoni akiniuliza kwa wema wake huo naendeleaje?

Halafu, nikiwa nimelala chali, wazo. Ikiwa Shemeji anatoka kwa Jitu, kwa Jitu kuna kiti kitupu.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimpigia Daktari kabla ya adhuhuri. Nikamwambia nimepata nafasi pana zaidi, namtakia kila la heri. Alisema anasikitika, na akaniuliza baba anaendeleaje na vifaa. Nikasema anaendelea kupita kiasi.

Kisha nikampigia Shemeji. Nikamweleza kwamba nimemwachia kazi, kwa ukarimu, na kwamba ukarimu hulipwa. Anipendekeze kwenye kiti chake. Akauliza kama nina hakika, na kama nimemwambia baba. Nikamwambia baba atasikia, siku hizi anasikia kila kitu. Akashusha pumzi, akakubali. Amenipendekeza leo leo. Mtu huyu hata kulipiza kisasi hajui.

Mama hakunisemesha wakati wa chakula cha jioni. Alimsemesha baba, kwa sauti ya kawaida, na baba akamjibu, na wakacheka jambo ambalo sikulisikia.

Jumanne, 25 Machi

Jitu limeandika. Safari hii binadamu, ameweka na jina lake. Anasema wamelipokea pendekezo la Shemeji kwa heshima kubwa. Anasema kwa bahati mbaya kiti hicho hakipo tena. Wamekiondoa pamoja na kikundi kizima, kwa kuwa uongozi umeamua vitufe vyote visiwe na pembe kabisa. Ananitakia kila la heri.

Nilipiga teke kiti cha plastiki. Kilikuwa na ndoo juu yake. Baba aliuliza kutoka sebuleni ni nini hicho. Mlango ulikuwa umefungwa.

Shemeji ameanza kazi ghorofani. Leo alimpitia baba kwenda naye kujaribu vifaa vipya, na inaelekea itakuwa desturi. Walirudi wamekaa kiti cha mbele na cha nyuma cha pikipiki kama vijana. Baba alikuwa na habari nyingi: kuhusu chumba cha magodoro, kuhusu mama mmoja aliyevalishwa kifaa akaimba. Alisimulia hadi chai ikapoa. Shemeji alisikiliza kana kwamba yeye mwenyewe hakuwa huko. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia niketi, wala hakuna aliyenizuia.

Alipokuwa akiondoka, Shemeji alinivuta kando. Akasema kazi imewazidi, hospitali mbili zimeomba vifaa, na Daktari ataajiri mtu mwingine wiki hii. Amemtuma aniulize. Bado anakumbuka yule aliyeuondoa ucheleweshaji. Hakuna usaili, hakuna maswali. Nipande tu ngazi kesho asubuhi.

Nilihisi kitu kifuani. Chepesi. Nikakitambua haraka: ni nguvu. Wananihitaji. Wamelemewa, na wananihitaji, na mtu anayehitajiwa hapandi ngazi siku inayofuata kama mbwa aliyepigiwa mluzi.

Nimempa Shemeji ujumbe ampelekee. Kwamba nimeguswa. Kwamba, hata hivyo, yapo majitu mengine mawili yanayoniwinda, na siwezi kuyataja. Kwamba cheo kiwe angalau "mhandisi mkuu".

Nimempa Daktari hadi Jumatatu.